Masizi na Milango Minne

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na masultani, ni zamani hii hii ya mabati na makufuli, palikuwa na mwanamke akiitwa Sikudhani. Kazi yake kusuka mikeka. Mama yake alipofariki, kaka zake wawili hawakungoja hata arobaini ipite. Waliuza nyumba. Wakagawana vitanda, wakagawana masufuria, hata mlango wa uani waliung'oa wakaondoka nao. Sikudhani akauliza, "Na mimi je?"

Kaka mkubwa akamjibu, "Wewe chukua wale paka. Si mama alikuwa anawapenda?"

Huo ndio urithi aliopewa, na wala hawakuona haya.

Paka wenyewe wawili. Mmoja mweupe, jina lake Bi Arusi. Mwingine mweusi tii, jina lake Masizi. Mama alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, alimshika Sikudhani mkono akamwambia, "Mwanangu, paka wangu usiwatupe." Sikudhani akajibu, "Siwatupi, mama." Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Basi Sikudhani akawatia paka wake kapuni, akajitwika mzigo wa ukili wa kusukia mikeka, akaenda kutafuta chumba. Akafika nyumba ya kwanza. Mzee mwenye nyumba amekaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nasikia kuna chumba."

"Kipo. Una mume?"

"Sina."

"Una watoto?"

"Sina."

"Unapiga redio?"

"Sina redio."

"Basi wewe ndiye mpangaji niliyekuwa namwomba kwa Mungu. Kapuni mna nini?"

"Paka."

"Ah! Kumbe chumba kile kilipata mtu jana."

Jana! Na kufuli ya chumba hicho ina kutu, na buibui ametandaza nyumba yake kutoka kufuli hadi kizingiti. Huyo mtu wa jana alipitia wapi?

Akafika nyumba ya pili. Una mume? Sina. Una watoto? Sina. Kapuni mna nini? Paka. "Ah, mimi nyumba yangu ni ya usafi, sitaki wanyama." Anayesema hivyo ni mama mmoja amesimama mlangoni, na nyuma yake mbuzi wawili wamelala ukumbini wanacheua, na ukumbi wote unanuka mbuzi.

Akafika nyumba ya tatu. Una mume? Sina. Una watoto? Sina. Kapuni mna nini? Masizi akatoa kichwa mwenyewe, akajibu kwa mlio wake. Mwenye nyumba akaruka nyuma. "Mweusi! Huyo si paka huyo! Mtoe hapa kabla hajanitazama mara ya pili!"

Nyumba ya nne chumba kilipata mtu jana. Nyumba ya tano chumba kilipata mtu jana. Ya sita jana, ya saba jana. Mji mzima ulihamia vyumbani jana! Na watu wenyewe ni wale wale waliokula pilau ya hitima ya mama yake, wakapangusa mikono, wakamwambia, "Sikudhani, ukiwa na shida usisite kuja." Haya, amekuja. Nakasirika hata sasa ninapowasimulia.

Alipokuwa amekaa chini ya ukuta wa nyumba ya saba, amechoka, mawingu ya masika yamejaa, akapita dalali mmoja akiitwa Mchande. Mchande akamtazama, akatazama kapu, akacheka.

"Dada, kosa lako unasema kweli. Nani alikufundisha kutafuta chumba kwa kusema kweli? Funika hao paka kwa ukili, nifuate, na ufunge mdomo."

Wakafika kwa Bi Mwanakheri, mwanamke mkulima wa karanga, mwenye nyumba ya vyumba sita. Cha mbele anakaa mwenyewe na magunia yake ya mbegu. Akauliza, "Huyu ana mnyama?"

Mchande akaweka mkono kifuani. "Bibi, huyu hana hata kuku."

Chumba kikapatikana.

Sasa nyumba ile ilijengwa kama zilivyojengwa nyumba zetu nyingi: vyumba vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, na kuta za vyumba hazifiki juu kwenye bati. Zinaishia njiani. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakuambia pole. Mtu utamfungia mlango, lakini paka anapita juu ya ukuta. Sikudhani akifunga mlango, akitia komeo, akiziba kila tundu, Masizi na Bi Arusi usiku wako juu ya kuta wanatembelea wapangaji waliolala.

Panya wakatoweka nyumba nzima. Bi Mwanakheri akajisifu, "Mmeiona dawa yangu niliyotega? Kali sana ile." Dawa yake! Panya walikuwa wakiila na kunenepa.

Ikapita miezi mitatu. Chumba kilichopakana na cha Sikudhani alikaa Mzee Hatibu, fundi viatu, mtu mpole, mwenye pumu. Kifua kikaanza kumbana. Akawa anapumua kwa filimbi. Asubuhi moja akaokota manyoya meupe juu ya mto wake, akaelewa yote. Pumu si uongo, jamani, mtu anayekosa pumzi simlaumu kwa kulalamika. Namlaumu kwa mahali alipolalamikia. Kati yake na Sikudhani palikuwa na ukuta mmoja, tena mfupi! Asingeweza kugonga akasema, "Binti, wanyama wako wananiumiza"? Hakugonga. Alivaa kofia yake akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Bi Mwanakheri akawaka moto. Mvua inanyesha, yeye akaingia chumbani kwa Sikudhani, akaburuta godoro mpaka uani, akaliacha linalowa. Akafuata mkeka aliokuwa hajaumaliza, akautupa juu ya godoro.

"Umenifanya mimi mjinga ndani ya nyumba yangu! Haya, chagua sasa hivi. Paka au chumba?"

"Bi Mwanakheri, nisikilize..."

"Paka au chumba?"

Sikudhani akatazama mvua. Akatazama godoro linavyokunywa maji. Akazikumbuka nyumba saba, na chumba kilichopata mtu jana. Akainamisha kichwa, akasema, "Wachukueni."

Ndiyo, alisema. Msinitazame hivyo. Na mimi niliposikia mara ya kwanza nilimkasirikia siku nzima, mpaka nikajiuliza ningelala wapi mimi.

Mchande akaitwa. Bi Mwanakheri akamkabidhi gunia. "Uliwaingiza wewe, utawatoa wewe. Mto upo na mawe yapo. Fanya kazi."

Mchande akalibeba gunia lililojaa vilio, akashuka mtoni. Akatazama maji, akatazama mawe. Akapanda pantoni, akavuka nalo ng'ambo. Kule wanakokaa mama wakaanga samaki akalifungua gunia, akawaachia paka wote wawili, akavuka kurudi. Kila mtu mjini anajua kwamba paka akivushwa maji hajui tena njia ya kurudi. Akamwambia Bi Mwanakheri, "Tayari," na akamwacha aelewe anavyopenda kuelewa.

Wiki haikuisha, panya wakarudi. Wakarudi na jamaa zao! Wakatoboa magunia ya Bi Mwanakheri, wakala mbegu za karanga alizoweka kwa msimu unaokuja. Wakatafuna viatu vya watu kwa Mzee Hatibu. Wakakata ukili wa Sikudhani vipande vipande. Lakini Sikudhani hakulalamikia ukili. Alikuwa akilia polepole huku anasuka, akijisemea, "Mama, nilikwambia siwatupi." Na kuta zile, nimeshawaambia, hazifiki juu. Mzee Hatibu alisikia kila neno. Kifua chake kilikuwa kimepona, anapumua vizuri, na kila pumzi ikamkera.

Siku ya kumi akamtafuta Mchande, akamkamata kola. "Niambie kweli. Uliwatosa?"

"Sikuwatosa. Wako ng'ambo kwa wakaanga samaki."

Mzee Hatibu akajifunga kitambaa puani, akapanda pantoni. Siku ya kwanza akaita, "Masizi! Bi Arusi!" Hakupata kitu. Siku ya pili hakupata kitu. Siku ya tatu mama wakaanga samaki wakamcheka, siku ya nne wakamwonea huruma, wakaanza kumsaidia kuita. Siku ya tano Masizi akatoka chini ya meza, mbavu zinahesabika, sikio limechanika. Bi Arusi hakuonekana. Mama mmoja akasema, "Yule mweupe tulimwona siku mbili za mwanzo, baada ya hapo hatukumwona tena."

Mzee Hatibu akamweka Masizi ndani ya shati lake asilowe, akavuka naye. Alipofika nyumbani alikuwa hawezi hata kutoa salamu. Alilala kitandani siku tatu anapigania pumzi.

Na sasa ndugu zangu, tazameni watu walivyo. Paka yule yule aliyekosa chumba katika mji mzima, leo ameketi katikati ya korido na milango imefunguliwa kwa ajili yake. Bi Mwanakheri ameweka kisahani cha samaki mlangoni pake. Mzee Hatibu ameweka maziwa. Mchande hakai pale, lakini amekuja na dagaa, akasimama kwenye mlango wa uani. Na Sikudhani amepiga magoti mlangoni pake, mikono mitupu, maana hana kitu cha kuweka.

Bi Mwanakheri akasema, "Paka atakuwa wangu. Nimekosa, nakiri mbele yenu, na Bi Arusi yuko shingoni mwangu. Lakini nyumba ni yangu. Paka akiwa wa mpangaji, siku nikifa wanangu watamtupa yeye na mpangaji mwenyewe. Akiwa wangu, nani atamfukuza? Na kuanzia leo mpangaji yeyote mwenye paka atapokelewa hapa. Nionyesheni nyumba nyingine mjini yenye sharti hilo!"

Mchande akasema, "Mnagombea kitu gani? Kama ningetii, leo mngekuwa mnagombea gunia lililooza. Nimemwongopea mwenye nyumba mara mbili kwa ajili ya paka huyu. Sasa mji mzima unaniita Mchande mwongo, hakuna anayenipa chumba cha kupangisha. Roho hii niliiokoa mimi, kwa gharama ya jina langu, basi paka ni wangu."

Bi Mwanakheri akamgeukia. "Uliokoa roho au ulitupa tatizo ng'ambo? Ulirudi kuwatazama hata siku moja?"

Mchande akasogeza dagaa wake mbele kidogo.

Mzee Hatibu akasema, kwa pumzi fupi fupi, "Wote mlisema. Mimi nilivuka. Mara tano. Na kosa langu nalijua, sikugonga ukuta. Siwezi kulala naye chumba kimoja, lakini nina kibanda changu cha viatu barabarani, kina upepo, na hakina mwenye nyumba. Pale hakuna atakayemwambia mtu chagua. Sikudhani, mwanangu, nakupenda, lakini ulishachagua mara moja. Mvua nyingine ikija, utachagua nini?"

Sikudhani akainua uso. Macho mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Nilisema wachukueni. Nilisema mimi, sikatai. Lakini nani aliliburuta godoro langu mvuani ili niseme? Nani alipeleka maneno badala ya kugonga? Nani alinifundisha kwamba mwenye paka lazima aishi kwa uongo? Mlinikamata koo, nilipotoa neno mkalishika, leo mnanionyesha neno langu! Kaka zangu walichukua nyumba. Ng'ambo ya mto imemchukua Bi Arusi. Kwa mama yangu nimebakiwa na huyu tu. Mkimchukua na huyu, mimi nilizaliwa na nani?"

Juu ya ukuta panya mmoja akapita, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtazama.

Masizi akanusa samaki wa Bi Mwanakheri. Akanusa maziwa ya Mzee Hatibu, akanusa dagaa wa Mchande. Akaenda akanusa mikono mitupu ya Sikudhani. Kisha akarudi katikati ya korido, akawapa wote mgongo, akaketi kuutazama mlango wa mbele, unaotoka kwenda mtoni, kama bado yuko wa pili anayekuja.

Mimi nimesimulia, na hasira yangu mmeisikia, sikuificha. Kuhukumu naona shida. Yuko aliyeahidi akashindwa, yuko aliyefukuza akatubu, yuko aliyedanganya akaokoa, na yuko aliyeshtaki akaenda kurudisha. Kesho asubuhi mlango mmoja utabaki wazi na mitatu itafungwa. Semeni ninyi, na yeyote kati yenu mwenye chumba cha kupangisha aanze kusema.

Je, nani alistahili kumpata Masizi?