Ubao wa Kuogea wa Bi Nyamizi

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana msasa ulikuwa umeshafika madukani, huko Tabora aliishi mjane aitwaye Bi Nyamizi. Mguu wake mmoja ulikuwa umepooza, na kuogeshwa na majirani kulimuuma kuliko mguu wenyewe. Akawaita wanawe watatu. "Nataka kuoga mwenyewe, nimekaa, mlango nimefunga," akasema. "Atakayeniwezesha, nitahamia kwake." Na kila mmoja alimtaka mama.

Mihayo, mkubwa wao, akaukimbilia mninga uliopandwa na marehemu baba yao. Akawakuta wachoma mkaa wameshauangusha. Akagombana nao mpaka wakamwachia, akapasua ubao mpana wa kukalia, ukingo wake umepinda vilevile ulivyoota mti, akaubeba begani hadi nyumbani. Akauanika juani. Jua likautia ufa. Mihayo akakata tamaa, akasema basi, uwe kuni.

Lubasha, wa pili, akakataa katakata. Akachonga vipande vya mti mgumu, akavipachika kuukatiza ufa, akajaza gundi na unga wa mbao, akapiga randa, akatia miguu. Ufa ukazibika. Angeishia hapo! Lakini mpenda sifa yule akapaka vanishi mpaka ubao ukang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mama alipoukalia bafuni umelowa maji, akateleza, akaokolewa na kitasa cha mlango alichokidaka.

Kabula, kitindamimba, hakulaumu mtu. Akashika kigae cha kioo, akaikwangua vanishi yote. Lubasha akanuna, hata salamu akakata. Kabula akapiga msasa, akapaka mafuta ya moto yenye nta kidogo ya nyuki, akaacha ubao unywe, akafuta, akapaka tena, mpaka maji yakawa hayapenyi na makalio hayatelezi.

Bi Nyamizi akaingia bafuni, akafunga mlango. Watoto wakasimama nje, wanasikiliza maji. Akatoka ameoga, machozi ya furaha yanamtoka.

"Bila mimi, ubao huu ungekuwa mkaa," akasema Mihayo.

"Na ulipokupasukia ukataka uwe kuni," akasema Lubasha. "Mimi ndiye niliyeuunga."

"Na nusura umwangushe nao mama," akasema Kabula. "Ameoga kwa kazi yangu."

Mama akawasikia wote. Akafunga mzigo wake, akaketi juu ya ubao ule uani. Milango mitatu ya wanawe i wazi, na bado hajainuka.

Haya, nyinyi mliosikia: Bi Nyamizi apige hodi kwa nani?