Damu Aliyoificha Zadock

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeufunika ugonjwa kwa kuona haya hudhani amejisitiri, kumbe amemtandikia adui kitanda nyumbani mwake. Huko Macalder, wachimba dhahabu hawataji methali hii bila kumkumbuka Zadock Obunga.

Zadock alikuwa mwanamume wa miraba minne, aliyeshuka mashimoni kwa kamba tangu ujana wake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa wakati kaka yake mkubwa, Nicholas, alipofariki kwa saratani ya utumbo mpana. Matanga yalipokwisha, dada yao Millicent, mwalimu mjini Homa Bay, alimvuta kando.

"Owadwa, ndugu yangu, daktari wa marehemu alisema sisi wa tumbo moja tupimwe, hata kama hatuumwi. Mimi nimepata nafasi wiki ijayo. Twende pamoja."

"Wanapima vipi?"

"Unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, unapewa ya usingizi, kisha wanapitisha kamera ndogo kwa njia ya haja kubwa."

Zadock aliruka nyuma kana kwamba amekanyaga siafu. "Mimi? Mwanamume mzima nivuliwe suruali mbele ya wasichana wa kliniki? Nenda peke yako, nyaminwa, dada yangu."

Millicent akaenda. Madaktari walikuta vinyama viwili vimeota ndani ya utumbo wake, wakaving'oa papo hapo. Aliporudi Macalder kumweleza kaka yake, uso wake ulikuwa umenawiri.

"Vingeachwa miaka michache vingeweza kugeuka saratani," alisema. "Na sikuwa nahisi chochote!"

"Basi umetibiwa ugonjwa ambao hukuwa nao," Zadock akacheka.

Kicheko hicho kiliishia midomoni. Asubuhi ile, kama asubuhi nyingi za miezi mitatu iliyopita, alikuwa ameona damu chooni. Alijiambia ni bawasiri tu, akanunua mizizi ya kuchemsha kwa muuza dawa sokoni, akainywa kwa siri. Damu haikukoma.

Hakumwambia mtu. Alianza kufua nguo zake mwenyewe mtoni na kuzianika vichakani. Akahamia chumba cha nje, akisingizia joto. Mwili wake ukapukutika, mkanda ukaongezwa tundu, kisha tundu jingine. Mkewe Monicah, mama wa watoto wake Marion na Tony, aliyekuwa amemfulia nguo kwa miaka ishirini na miwili, aliyaona hayo yote, akayafasiri alivyoweza.

Jumamosi moja aliwaita wazee wawili wa kanisa nyumbani. "Muulizeni ni nani huyo mwanamke wake wa Isebania, mjini anakouza dhahabu," alisema. "Mume anayejifulia nguo anaficha nini kama si hawara?"

Zadock aliinamisha kichwa. Neno moja tu lingemwokoa: damu.

"Nisameheni," akasema. "Nitamwacha."

Basi akaungama dhambi asiyoitenda, ili asiutaje ugonjwa aliokuwa nao. Tangu siku hiyo Monicah alimwandalia chakula bila kumtazama usoni. Zadock alikila kidogo, na maumivu ya tumbo yakawa yanamkunja kama jani linalokaushwa na jua.

Miezi saba baadaye alizimia shimoni. Wenzake walimfunga kamba kifuani, wakamvuta juu mchana kweupe, wanaume na wanawake wakitazama. Suruali yake ilikuwa imelowa damu. Mchimbaji mmoja, Okari, alivua shati lake, akamfunika.

Hospitalini daktari hakuzunguka mbuyu: uvimbe ulikuwa umeziba utumbo, na saratani imeshaenea hadi kwenye ini. Monicah aliketi kando ya kitanda, mikono mapajani.

"Kwa hiyo hapakuwa na mwanamke?"

"Hapakuwa."

"Ukakubali nikuchukie?"

"Niliona haya, Mama Marion."

"Nguo zako nimezifua tangu nikiwa bibi harusi. Haya gani tena kwangu?"

Zadock aligeuza uso ukutani, machozi yakamtoka. Kisha alisema, "Marion na Tony wamwone daktari. Awaambie waanze kupimwa lini. Wasingoje kuumwa."

Siku ya tisa alikata roho.

Mazishini watu walianza kunong'onezana. Wengine walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Wengine walimtaja mwanamke wa Isebania. Monicah aliwasikia. Alisimama mbele ya jeneza, macho makavu.

"Msiseme chira, wala msiseme mwanamke," alisema. "Mume wangu ameuawa na saratani ya utumbo. Aliificha hata kwangu. Nyumba yake haitaificha tena."

Wachimbaji walishika sepetu, wakaanza kumfukia mwenzao. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.