Komwe la Sungura na Zamu za Kisima

Paliondokea ukame, na katikati ya ukame akaondokea Fisi: msiba juu ya msiba. Mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu, na wanyama wote wakategemea kisima kimoja walichochimba bondeni.

Simba, ambaye alipenda amri zake kuliko hata maji, alitangaza: "Kila nyumba ina zamu yake. Mwenye zamu atatoa kwanza mchanga ulioporomoka, ndipo anywe. Nimesema!"

Sungura akataka kisima chote kiwe chake. Alileta vifuu vitatu vya nazi na komwe moja, kete ya kuchezea bao, akaketi kando ya njia. "Bahati hiyo, jamani! Komwe liko chini ya kifuu kipi? Ukipatia, nakupa zamu yangu. Ukikosa, yako naichukua."

Siku ya kwanza alimwachia Fisi ashinde zamu moja. Basi, Fisi kwisha! Usiku kucha alijigeuza kitandani akihesabu zamu ambazo hakuwa nazo, akajiona tajiri wa maji, na mate yakamtoka.

Asubuhi mkewe alimzuia mlangoni. "Baba watoto, maziwa yananikauka na watoto wanalia. Kesho ndiyo zamu yetu. Nakuomba usiiguse."

"Mke wangu, naenda kuangalia tu."

Fisi kwenda kuangalia tu! Hata mfupa usingemsadiki.

Njiani alimkuta Kobe, asiye na mali yoyote ila gamba lake. Kobe aliwahi kuishi miaka mingi katika bustani ya watawa wa Kibudha. "Rudi nyumbani, bwana," akamwambia. "Wale watawa walinifundisha kwamba kamari haina mshindi. Anayeshinda huvuna chuki, anayeshindwa hulilia mali yake. Na tamaa ukiilisha haishibi, inakua tu."

"Hao watawa wako wanakula nyama?" Fisi akauliza.

"Wanakula wanachopewa, wanaridhika."

"Basi hawajui kitu!" Fisi akacheka mpaka mbavu zikamuuma, akaenda zake.

Aliweka zamu ya kesho, akachagua kifuu cha kulia. Kitupu. Akaweka zamu ya wiki ijayo, akachagua cha kati. Kitupu! "Sasa zamu ya bahati imefika, naisikia tumboni," akasema, akaweka za mwezi mzima. Tumbo la fisi tangu lini likajua kitu zaidi ya njaa? Nyani alipoteza, Swala alipoteza, na kufikia jioni Sungura alimiliki zamu zote, isipokuwa ya Kobe, ambaye hakucheza.

Kulipokucha kisima kilikuwa kimejaa mchanga. Mke wa Fisi alikuwa amekaa pembeni na watoto wake, midomo imewapasuka. Fisi hakuthubutu kumtazama. Aliona aibu kweli, ila aibu ya fisi haikai.

"Chimbeni!" Sungura akaamuru. "Kila mchimbaji nitamgawia funda moja."

Simba akatokea, koo limemkauka. "Zamu ni ya nani?"

"Zangu zote, Mfalme."

"Basi chimba zote."

"Lakini Mfalme, hawa watanichimbia..."

"Nilisema mwenye zamu ndiye anayetoa mchanga. Unataka nile maneno yangu kwa ajili ya kiumbe kisichonijaza hata jino?"

Sungura akashuka shimoni, akainama, akachimba. Masikio yake marefu yakaning'inia, na kutoka katika sikio la kushoto likadondoka komwe. Wote wakaliona. Kumbe jana yake, kutwa nzima, vifuu vyote vilikuwa vitupu!

Simba akarudisha kila zamu kwa mwenyewe, akamhukumu Sungura kutoa mchanga wa kila nyumba mpaka mvua inyeshe. Mke wa Fisi akalia kwa furaha, akawasogeza watoto kwenye maji.

Na Fisi? Alikuwa amepiga magoti ukingoni, akimnong'oneza Sungura: "Ndugu yangu, mchezo mmoja tu! Naweka zamu ya leo. Sasa najua liko sikioni."

Simba akamsikia. "Zamu hii ni ya mama na watoto," akanguruma. "Wewe shuka humo ukamsaidie rafiki yako."

Wakachimba wawili, Fisi na Sungura, mchanga mpaka puani, huku watoto wa Fisi wakinywa mbele ya macho yao. Mtaka yote hukosa yote.