Mtumbwi Uliovuja Mpunga

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo sauti ya watu wasiokula? Paukwa!

— Pakawaaa!

Sasa ndiyo. Sogeeni motoni. Anayeonewa na moshi ahamie upande huu, na anayetafuna muhogo atafune polepole, tusikilizane.

Hapo zamani za kale, mto wetu ulipokuwa bado unachagua pa kupita, palikuwa na kijiji kiitwacho Vidoleni. Kiliitwa hivyo kwa sababu mto, kabla ya kuingia baharini, uligawanyika kama vidole vya mkono. Maji yakijaa, bahari ilipanda ndani ya vidole. Maji yakipwa, mto ulishuka. Katikati ya vidole hivyo watu walilima mpunga.

Hapo Vidoleni aliishi mwanamke jina lake Somoe binti Mkumba. Mumewe alikufa, akamwachia watoto wa kike wawili, shamba moja na mtumbwi mkuukuu uliovuja.

— Mtumbwi wa kuvuja ni wa nini, Bibi?

Subiri, utauona.

Vidoleni palikuwa na sheria. Shamba likipita misimu mitatu bila kuvunwa, jumbe hulichukua na kumpa jirani. Msimu wa kwanza Somoe hakuvuna, chumvi iliua mpunga. Msimu wa pili hakuvuna, kaa walikula miche yote. Huu sasa ulikuwa msimu wa tatu. Na jirani aliyekuwa akingoja alikuwa shemeji yake, Ngwele, ndugu wa marehemu.

Asubuhi moja Ngwele alisimama kwenye tuta la mpakani.

"Shemeji," akasema, "tuta hili nilibomoe leo, au ningoje msimu uishe?"

"Ngoja uishe."

"Una mbegu kiasi gani?"

"Kibaba kimoja."

Shamba lile lilizoea kumeza pishi nne, yaani vibaba kumi na sita. Ngwele akacheka mpaka akajishika kiuno. "Kibaba! Hicho ni chakula cha kuku, shemeji!"

Somoe akampa mgongo. Alirudi nyumbani, akatungua kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, akamwaga mbegu zake ndani ya maji. Zilizozama akaziweka. Zilizoelea akawapa kuku, maana hapo Ngwele alikuwa amesema kweli.

— Kwa nini aliwapa kuku?

Kwa sababu mbegu inayoelea ni tupu ndani. Ukiipanda unapanda ganda.

Basi, watu wa Vidoleni walizoea kutupa mbegu shambani kwa viganja, fwaa, fwaa, halafu wakaombea. Somoe, na kibaba chake, angetupa nini? Aliuburuta mtumbwi hadi shambani, akaunyanyua juu ya miti minne kando ya dungu lake. Dungu mnalijua, ni kile kibanda kilichosimama juu ya miguu mirefu, ambamo familia huhamia msimu mzima kulinda mpunga. Ile miti minne akaipaka mafuta ya nyonyo. Mtumbwi akaujaza udongo na samadi ya mbuzi. Mbegu akazisia humo. Maji yaliyozidi yakavuja kwenye ufa, na mbegu zikaota bila kuoza.

Siku ya kumi akaja Kaa. Alikuja kwa ubavu, kama kawaida yake.

"Hodi, Somoe! Nimekuja kula."

"Karibu. Miche iko juu."

"Juu wapi?"

"Mtumbwini."

Kaa akashika mti kwa mguu wa kwanza, akateleza. Akashika kwa mguu wa pili, akateleza. Akashika kwa miguu yote, akaanguka chali.

— Chali!

Chali, tumbo juu, miguu inacheza. Akajigeuza, akasema kwa hasira, "Utaishusha tu. Mpunga haukui hewani."

"Nitaishusha," akasema Somoe.

Lakini kabla ya kuishusha, alingoja maji yapwe, akalikausha shamba mpaka tope likaonekana. Ndege yangeyange wakashuka, weupe, wakawa wanatembea kwenye tope kama watu wanaotafuta sindano. Kila kaa mdogo waliyemwona, kaa huyo hakuonekana tena. Kaa mkubwa akatoa macho shimoni.

"Somoe! Wageni hawa umewaita wewe?"

"Wamejialika, kama ulivyojialika wewe mwaka jana."

Kaa akafunga mlango wake. Somoe akachukua kamba yenye mafundo, shubiri moja kati ya fundo na fundo, akaitandika shambani. Kwenye kila fundo akapanda mche mmoja. Mmoja tu. Huku anaimba, na ninyi mnisaidie:

Mmoja mmoja, shikeni tope,
mmoja mmoja, msibanane!

— Mmoja mmoja, shikeni tope, mmoja mmoja, msibanane!

Watu wakaja kutazama. Wakajipanga juu ya tuta kama wamekuja ngomani.

"Jamani, anapanda mpunga kama anapanda minazi!"

"Nafasi hizo utaweka nini, shemeji?" akauliza Ngwele. "Vitanda?"

"Mpunga nao unataka kunyoosha miguu," akasema Somoe, akasogeza kamba mstari mwingine.

Na kweli, ule mche mmoja ukachipua ukawa mitano. Mitano ikawa kumi. Kumi ikawa ishirini, shina moja tu. Waliokuwa wakicheka wakaanza kupita njia nyingine.

Kisha mvua ikakata. Siku kumi, hakuna. Siku ishirini, hakuna. Shamba likapasuka nyufa za kuingia kidole. Miche ikaanza kulia:

"Mama, maji! Mama, maji!"

Ukafika wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Maji yakapanda vidole vyote, yakafika kwenye tuta la Somoe. Chini ya tuta hilo palikuwa na gogo la mnazi lililotobolewa, na mdomoni mwake kizibo cha mti. Hilo ndilo lililokuwa lango la maji. Maji yakabisha kizibo.

"Somoe, nifungulie. Mimi ni mto."

Somoe akayatazama. Yalikuwa na rangi ya udongo. Na watu wa Vidoleni walizoea kusema hivi: maji maangavu ni ya bahari, maji ya udongo ni ya mto, fungua. Hata yeye, msimu ule wa kwanza, alifungua kwa kutazama rangi, na mpunga wake ukafa.

"Nitakuonja kwanza," akasema.

"Ati unionje? Rangi huioni?"

"Rangi naiona. Ulimi ndio unaotaka kujua."

Akachovya kidole, akakiweka ulimini. Chumvi. Bahari ilikuwa imekoroga tope la mikoko ikajipaka.

"Wewe ulilala baharini," akasema Somoe. "Sifungui."

Upande wa pili wa tuta, Ngwele hakuonja. Alitazama rangi, akang'oa kizibo, akaita, "Shemeji, maji haya hapa! Au unangoja ya kuoshea vyombo?"

Siku ya pili maji yakabisha tena. "Somoe, nifungulie. Mimi ni mto." Akachovya kidole, akaonja. Chumvi. Hakufungua. Miche ikalia, "Mama, maji!"

Siku ya tatu majani yalikuwa yamejikunja kama mikeka. Watoto wake wakasema, "Mama, tutafukuzwa hapa." Maji yakabisha. "Somoe, nifungulie. Mimi ni mto." Somoe akashika kizibo. Akakitikisa. Akakilegeza.

— Asifungue!

— Bibi, asifungue!

Aliwasikia ninyi? Hakuwasikia. Lakini akachovya kidole cha mkono wa pili. Chumvi ileile. Akakigongomea kizibo, akakaa juu ya tuta, akalia. Hakukifungua.

Bamvua ikaisha. Siku ya nne mpunga wa Ngwele ukawa mweupe kama karatasi, ukalala.

Halafu juu huko, mbali, kwenye milima ambayo sisi hatujaiona, mvua ikanyesha. Yakaja maji mafu, siku zile bahari haina nguvu ya kupanda mtoni. Maji ya mto yakashuka taratibu, yakafika kwenye kizibo. Hayakubisha. Hayakusema ni nani. Somoe akachovya kidole, akaonja. Ladha ya majani na udongo wa mbali. Akaonja tena, safari hii kwa kiganja kizima, akanywa. Kisha akang'oa kizibo.

— Miche ikasema nini?

Haikusema kitu, ilikuwa inakunywa.

Sasa mpunga ukachanua, ukabeba, ukainamisha vichwa. Na hapo wakaja Kwelea. Mnawajua? Ndege mdogo wa kuenea kiganjani. Lakini haji mmoja. Wanakuja kama wingu lenye midomo.

Watu wakapanda madungu yao. Dungu la kwanza likapiga debe, "Haya! Haya!" Kwelea wakaruka, wakatua shamba la pili. Shamba la pili likapiga debe, wakaruka, wakatua la tatu. Hivi ndivyo walivyofanya miaka yote. Kila mtu alimfukuzia mwenzake.

Mkubwa wa Kwelea akatua kwenye paa la Somoe. "Endeleeni kutusindikiza," akasema. "Huku tunakula, huku tunanyoosha mabawa."

Somoe akafikiri. Siku hiyo akasuka kamba ya ukili, ndefu. Akaenda dungu kwa dungu. "Nipitishieni kamba hapa, mtundike makopo na maganda ya kome. Mmoja akivuta, madungu yote yapige kelele. Ndege akose pa kutua." Wale waliomcheka juu ya tuta walitazamana, kisha wakaanza kusuka.

Kamba ikafika hadi dungu la katikati, ikakwama. Dungu la katikati lilikuwa la Ngwele.

"Mimi sina mpunga wa kulinda," akasema Ngwele, amekaa amening'iniza miguu.

"Najua, shemeji. Lakini kamba haina njia nyingine."

"Nikikataa, wewe huvuni. Usipovuna, shamba langu."

"Ndivyo ilivyo," akasema Somoe. Hakumbembeleza. Akaiacha ncha ya kamba kwenye ngazi yake, akarudi kupiga debe.

Mkubwa wa Kwelea alikuwa akisikiliza. Akaja akatua karibu na goti la Ngwele, na nyuma yake ndege mia.

"Ahsante, mwenyeji wetu," akasema. "Hapa kwako ndipo tutakapolala. Wewe ni ndugu yetu. Huna mpunga, nasi hatuna. Tunakaa pamoja tunangoja wa wenzetu."

Ngwele akamtazama ndege. Akaitazama miguu yake inayoning'inia.

"Mimi? Ndugu wa ndege?"

"Wa damu," akasema Kwelea.

— Alimpiga?

Hakumpiga. Alishuka ngazi mbilimbili, akaokota ile ncha ya kamba, akaifunga kwenye nguzo yake mafundo matatu. Kisha akaivuta kwa nguvu zake zote. Makopo yakalia, kome wakalia, madungu yote kutoka mto hadi mikoko yakalia kwa pamoja. Wingu la Kwelea likapanda juu, likatafuta pa kutua, likakosa. Likaenda na njia yake. Na siku zote zilizobaki, wa kwanza kuivuta kamba asubuhi alikuwa Ngwele.

Siku ya mavuno jumbe akaja na watu wake. Akamwona Somoe amesimama bondeni, kisu cha kuvunia mkononi.

"Somoe binti Mkumba, msimu wa tatu huu. Umevuna?"

"Mpunga wangu uko mtumbwini, jumbe."

Wakaenda kutazama. Mtumbwi ulikuwa umejaa hadi juu, umerundikwa kichuguu. Miti minne imepinda kwa uzito. Na kwenye ufa, pale palipovuja maji, mpunga ulikuwa ukichuruzika, punje kwa punje, na kuku wamesimama chini wamefungua midomo.

Jumbe akazunguka mara moja. Akashika punje, akaivunja kwa jino.

"Huu wote ni wa kibaba kimoja?"

"Kasoro zile za kuku," akasema Somoe.

Watu wakapiga vigelegele. Jumbe akachukua jiwe, akalichimbia kwenye tuta la mpakani, akasema, "Hapa hapabomolewi." Somoe akanyanyua kidevu, akawashika wanawe mikono. Msimu huo hakuna mtu wa Vidoleni aliyetembea kama yeye.

Walipotawanyika, Ngwele akabaki nyuma, anachezea upindo wa msuli wake.

"Shemeji," akasema, "nisaidie mbegu."

"Kiasi gani?"

"Kibaba kimoja."

"Kitakutosha?"

"Si kilikutosha wewe?"

Somoe akacheka, akampimia. Na juu ya kibaba akamwekea ile kamba yenye mafundo.

— Na mtumbwi?

Mtumbwi akautafute mwenyewe, tena uwe unavuja! Tangu hapo, Vidoleni hakuna aliyefungua maji bila kuyaonja, na hakuna aliyemfukuzia mwenzake ndege. Nanyi kesho mkipanda dungu, mkumbuke: mwangalie ndege anakokwenda, si anakotoka tu. Na kitu kikijiita mto, kionjeni.

Imbeni mara ya mwisho.

— Mmoja mmoja, shikeni tope, mmoja mmoja, msibanane!

Basi. Hadithi yangu imefika gatini, hapa ndipo ninapoifunga kamba.