Ng'ombe wa Nabintu Ng'ambo ya Kabende

Mgeni huleta amani, jirani huweka amana. Mmeisikia leo mkutanoni mkacheka, mkadhani msemaji ameteleza ulimi. Hakuteleza. Kaeni niwaambie ilikotoka, na anayetaka kuchezea simu akachezee nje.

Methali hii ilizaliwa mto Kabende. Upande mmoja ni kijiji cha Lushoka, upande wa pili Kamanyi, na mpaka wa nchi mbili umepita katikati ya maji. Nabintu alikuwa mjane wa Lushoka. Mwanawe wa pekee, Siwema, aliolewa Kamanyi na alikuwa na mimba ya kwanza. Dada yake Nabintu alifia kwenye uzazi wa kwanza, kwa hiyo mama huyu hakuwa na usingizi. Alitaka awepo siku ile, basi. Lakini kivuko kilikuwa kimefungwa, maana vijana wa pande mbili walikuwa wameuana kwa ajili ya malisho.

Wangekuwa peke yao wangeyamaliza. Ila serikali moja ilipewa silaha na taifa kubwa hili, ya pili na taifa kubwa lile, na kila bunduki iliyoonekana begani kwa mchungaji watu waliamini imetoka mbali.

Wakaja wageni waliotumwa na mataifa hayo mawili, na magari meupe, mahema na vipaza sauti. Wazee walishikana mikono mbele ya kamera, askari wa kigeni wakasimama mtoni, kivuko kikafunguliwa. Nabintu akaanza kufunga mzigo wake. Hajavuka bado, mataifa yale makubwa yakagombana huko kwao, kwa mambo ya bandari ambayo hakuna mtu wa Kabende aliyewahi kuiona. Wageni wakaitwa warudi. Walikunja mahema asubuhi, na mchana pale palibaki nyasi zilizolala tu.

Hapo shaka ikarudi na nduguze wote. Lushoka walisema wale wageni wamewanong'oneza Kamanyi jambo. Kamanyi walisema hayohayo kuhusu Lushoka. Wengine wakaapa kwamba mahema yalikuwa ya kupimia njia ya majeshi. Kivuko kikafungwa tena, na tumbo la Siwema halikungoja mtu.

Nabintu akakumbuka desturi ya bibi zake. Zamani watu wa mto ule wakigombana hawakuridhika na kupeana mikono. Walipeana amana: ng'ombe wa huku analishwa kule, na anayemtunza hanywi hata tone la maziwa yake, yote ni ya ndama. Akamfungua ng'ombe wake, na alikuwa naye huyo mmoja tu, ndama akafuata nyuma.

"Unawapelekea adui kitoweo," majirani walimwambia, na wengine wakanong'ona kwamba amenunuliwa. Alivuka hivyohivyo, kwa miguu penye maji mafupi.

Kamanyi walimpokea kwa mitutu. Akaitwa Mzee Kashoba, mkuu wa wazee, ambaye ndiye baba wa mume wa Siwema. Alimzunguka yule ng'ombe kwanza ndipo akasalimia.

"Nani amekutuma, mkwe?"

"Tumbo la Siwema."

"Na ng'ombe huyu wamempaka nini?"

"Mnuse, mkwe wangu. Mafuta ya kumpaka ningeyapata wapi, na mwenyewe ngozi imenipauka hivi?"

Kashoba hakucheka. "Wale wageni nao walikuja na maneno matamu."

"Wageni wameondoka na kila kitu chao. Mimi namwacha ng'ombe wangu kwako. Akifa, utaulizwa wewe."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwingia mzee. Aliogopa, na nawaambia wazi kwamba aliogopa. Ng'ombe yule akifa hata kwa kuhara, Lushoka watasema ameuawa, na vita vitaanzia zizini kwake.

"Umenitwika mzigo," alisema.

"Ndiyo amana yenyewe."

"Basi siubebi peke yangu. Wangu naye aende Lushoka. Tuone nani atakosa usingizi."

Msidhani walikumbatiana. Nabintu aliwekewa mlinzi mlangoni, na kila uji aliompikia mwanawe aliamriwa auonje yeye kwanza. Aliuonja bila kununa. Siku ilipofika, mtoto alitanguliza miguu, wanawake wa pale wakashikwa na butwaa, na mikono iliyomtoa salama ni ya Nabintu. Siwema aliishi. Kashoba alipomsikia mjukuu akilia alikwenda mlangoni, akamwambia mlinzi akamkatie majani ng'ombe wa Lushoka. Lushoka nao, kwa hofu ileile, wakamlisha wa Kashoba, na kivuko kikafunguliwa.

Wageni waliporudi, mataifa yao yalipokwisha kupatana, walikuta watu wanavuka mto na mizigo kichwani. Wakauliza ni mkataba gani uliofungua kivuko. Kashoba aliwaonyesha ng'ombe wa Nabintu, amenona kuliko ng'ombe yeyote wa Kamanyi, hadi mbavu hazionekani.

"Kwa hiyo sasa mnaaminiana?" wakamuuliza.

"Bado," alisema Kashoba. "Wao wananitilia shaka, nami nawatilia shaka. Lakini ng'ombe wangu yuko kwao, wa kwao yuko kwangu, na kila mmoja anaamka mapema kukata majani. Nyinyi mlitushikisha mikono, tunashukuru. Mlipoondoka, mikono ilibaki mitupu."

Haya, chekeni tena niwaone. Mgeni huleta amani, jirani huweka amana.