Nguchiro, Shangazi na Mama Mkwe wa Fisi

— Nina uongo hapa!
— Umwage tuuone!
— Ukiwakwama kooni?
— Tutakunywa maji!

Basi kunyweni, maana hadithi inaanzia bwawani.

Nguchiro aliishi kwenye kichuguu na shangazi yake. Fisi alikitaka kichuguu hicho. Alitafuta mahali pa kuwekea mifupa yake.

"Tushindane," alisema Fisi. "Tuvuke bwawa kwa kuogelea, twende kwa baiskeli hadi mkuyuni, kisha tukimbie hadi kichuguuni. Atakayetangulia, kichuguu chake."

Fisi alikuwa na miguu mirefu na kifua kipana. Nguchiro alikuwa na miguu ya nguchiro.

"Nakubali," alisema Nguchiro. "Ila kila mmoja aje na ndugu yake. Wakifika wote wawili ndipo ihesabiwe. Na baiskeli ni moja kwa wawili."

"Hata ndugu kumi!" Fisi akacheka.

Kunguru akateuliwa mwamuzi, kwa kuwa sauti yake hufika mbali hata asipoulizwa.

Nguchiro na Shangazi wakaanza mazoezi. Asubuhi waliogelea, Shangazi amefunga kibuyu kifuani asizame: chubwi, chubwi, chubwi.

"Tumefika?"

"Bado, Shangazi."

Mchana walipanda baiskeli, Shangazi kwenye keria: kwaru, kwaru, kwaru.

"Tumefika?"

"Bado, Shangazi."

Jioni walikimbia: tipu, tipu, tipu.

"Tumefika?"

"Shangazi, hatujatoka hata uani."

Fisi hakufanya mazoezi. Alikuwa akitafuta ndugu. Kaka yake alikataa: "Ulikula pilau yangu siku ya harusi yangu." Dada yake alikataa: "Na yangu ukaila." Binamu yake alifunga mlango kabla hajabisha hodi.

Nguchiro aliposikia, akamwambia Shangazi, "Nenda kwa mama mkwe wa Fisi. Mwambie mkwe wake amekwama, ila anaona haya kumwomba."

Siku ya mashindano mama mkwe akatokea bwawani, kanga kifuani.

"Mkwe wangu, nimekuja. Nani mwingine angekusaidia?"

Fisi akatazama chini. Wanyama wote walikuwa wanamwangalia. "Shikamoo, mama," alisema.

"Kraa! Nendeni!"

Nguchiro na Shangazi wakajitosa: chubwi, chubwi, chubwi. Fisi hakujitosa. Kwao, mtu haogi maji mamoja na mama mkwe wake. Akageuka, akafumba macho, akasubiri. Mama mkwe alivuka taratibu, akiwasalimia bata mmoja mmoja. Alipotoka upande wa pili, Fisi akaingia na suruali yake.

Wakafika kwenye baiskeli.

"Nikupakie, mama?"

"Nikushike kiuno, mkwe? Watu watasema nini?"

Mama mkwe akapanda peke yake, Fisi akifuata kwa miguu. Kwaru, kwaru, puu! Akaanguka kichakani. Fisi hakuthubutu kumshika mkono. Akavunja fimbo, akamnyooshea aishike. Kwaru, kwaru, puu! Fisi akavunja fimbo ndefu zaidi.

Mkuyuni, Shangazi alikuwa ameacha sinia la mbavu za kuchoma. Fisi akameza mate. Kwao, mtu hatafuni mbele ya mama mkwe wake. Mama mkwe alikula ubavu mmoja, akapumzika, akala mwingine, hadi sinia likaisha.

Wakaanza kukimbia, mama mkwe mbele.

"Mkwe, mbona unanifukuza?"

Fisi akapita mbele.

"Mkwe, mbona unanipa mgongo?"

Fisi akaja ubavuni.

"Mkwe, tumekuwa mume na mke?"

Fisi akasimama. Hapakubaki upande wa kukimbilia.

Kichuguuni: tipu, tipu, tipu.

"Tumefika?"

"Tumefika, Shangazi."

"Kraa!" Kunguru akatangaza. Shangazi akaingia ndani, akalala na kibuyu chake kifuani.

Mama mkwe alifika jioni. Fisi alikuwa hatua ishirini nyuma yake, ameshika fimbo.

"Mkwe wangu ana adabu," mama mkwe akamwambia Kunguru. "Mwakani tunashiriki tena."

Kunguru akaitangaza habari hiyo hadi ng'ambo ya bwawa.

Uongo wangu umeishia hapo. Atakayekutana nao njiani, aupishe.

Fundisho ni hili: mheshimu mama mkwe wako, nawe utashinda kila shindano. Na asiyekubali aniulize kesho, maana leo mama mkwe wangu amekaa pale.