Kigoda cha Mwalimu Mbayuwayu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kinyonge? Sogeeni motoni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na shule ya wanyama, na mwalimu mkuu wake alikuwa Bi Nungunungu. Darasa la kwanza lilifundishwa na Mbayuwayu, na hao wawili walikuwa chanda na pete. Siku moja Mbayuwayu akaaga: "Nasafiri, Bibi. Mvua zikirudi, nami nitarudi."

Mvua zikarudi. Mbayuwayu hakurudi.

Nungunungu akawa anakifuta vumbi kigoda cha Mbayuwayu kila asubuhi, na akakataza jina lake lisitajwe. Alimkumbuka, jamani, alimkumbuka mno.

Mzee Nyati wa baraza la shule akaja juu. "Bibi, kuajiri mwalimu ni kazi yako, hatukuingilii. Lakini watoto wanashinda wakicheza tu. Usipochagua leo, darasa tunalifunga, kila mtoto arudi kwao!"

Basi, desturi ya shule ile, mwombaji kazi hakuulizwa maswali. Aliingia darasani akawasalimu watoto, na mwalimu mkuu akasikiliza nyuma ya ukuta.

Akaja Kiboko. "HAMJAMBO!" Watoto wakajificha chini ya mikeka.

"Si yeye," Nungunungu akanong'ona. "Si yeye, si yeye."

Akaja Kasuku, aliyezoea kutua dirishani Mbayuwayu akifundisha. Akaimba kwa sauti ile ile, "Amkeni, wanangu, kumekucha!"

Lo! Nungunungu moyo ukamruka. "Ni yeye! Ni yeye! Ni yeye!" Alishainuka aende kumpa kazi, mara watoto wakatoka mbio nje kumtafuta mwalimu wao, macho juu. Wakatazama, wakatazama, wakatazama. Mbingu tupu.

Kitoto cha Digidigi kikamshika mguu. "Mwalimu Mkuu, amejificha wapi?"

Nungunungu akamgeukia Kasuku. "Sauti ni yake, baba, ila wewe siye. Nenda salama."

Jua likawa linateremka. Akaja Fuko, sauti yake ya kukwaruza, macho yake hayaoni vizuri. Akapapasa kigoda. "Hiki cha nani?"

Kile kitoto cha Digidigi kikasema, "Cha mwalimu wetu. Tumekatazwa kumtaja."

"Basi mimi nitakaa chini," Fuko akasema. "Nisimulieni habari zake. Mimi sikumjua."

Wee! Wakasimulia wakipokezana, huyu analia, yule anacheka, jinsi alivyowafundisha nyimbo, jinsi alivyowapangusa kamasi kwa bawa.

"Na kuhesabu, aliwafikisha wapi?"

"Kumi!"

"Haya. Sisi tutaanzia kumi na moja."

Nyuma ya ukuta Nungunungu machozi yalimtoka. Huyu hakufanana na Mbayuwayu hata chembe, wala hakujaribu kufanana naye. Akaingia, akaketi mkekani nyuma ya watoto, akakunja miiba yake asimchome mtu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, na Fuko akajua kazi ameipata. "Na mimi nina la kusimulia juu yake."

Ngano yangu imekomea hapo. Nanyi mkimwona mbayuwayu akipita, mwambieni kigoda chake kipo.